Cherehani Bila Uzi

Kituoni walimwita Taratibu, wala hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Inspekta huyu alitembea taratibu, alikunywa chai taratibu, na akishauliza swali aliweza kukaa kimya mpaka aliyeulizwa akaona haya akajibu, ili mradi kile kimya kiishe. Koplo wake, binti mwepesi wa miguu na wa ulimi, alizoea kumwambia kwamba siku wezi watakapoanza kutembea kwa magoti, siku hiyo ndiyo atamkamata mmoja.

"Mimi simkimbizi mtu," alimjibu. "Namngoja mbele."

Mchana ule hata yeye alikuwa na haraka, ingawa kwa kumtazama usingejua. Mahabusu alikuwamo mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Mlezi. Kesho asubuhi angefikishwa mbele ya hakimu, na asipopatikana shahidi, dhamana angeipata bila jasho. Kufika adhuhuri angekuwa kwake, kajinyoosha kwenye kochi.

Na kwake kulikuwa kuzuri, usiseme. Polisi walipovamia walikuta sebule yenye zulia na mapazia ya maana. Nyuma ya sebule ndiko kulikokuwa na vyumba vya magodoro yaliyotupwa sakafuni, na humo Mlezi aliwaweka vijana walioharibiwa na unga. Asubuhi aliwagawia kete ndogo ya kuwainua tu, kisha akawatuma mjini: huyu aombe, yule aibe, wasichana wakasimame barabarani. Jioni wakishamkabidhi walichopata, walipewa kete nyingine. Asiyeleta kitu alilala na arosto yake, akitetemeka na kutapika mpaka kukuche.

Lakini siku ya uvamizi hapakupatikana hata kete moja, na vijana walitawanyika kama kuku walioona mwewe. Mmoja tu ndiye aliyefungua kinywa kabla hajatoweka. "Muulizeni Kitinda," alisema. "Yeye amekaa pale kuliko sisi sote. Anajua kila kitu."

Kitinda alikuwa binti wa miaka ishirini, mtoto wa mwisho wa mshonaji aliyeitwa Mama Mapazia. Ndiyo maana Taratibu na Koplo walikuwa wamesimama kwenye baraza la mshonaji huyo, wakipiga hodi.

"Karibuni, karibuni," sauti ilitoka ndani, ikipanda juu ya mlio wa cherehani. "Kaeni hapo kwenye benchi. Samahani, mikono imebanwa, kuna mteja anataka mapazia yake leo leo."

Mama Mapazia alikuwa mwanamke mnene wa makamo, kanga kiunoni, futi ya kupimia shingoni, macho mekundu ya mtu ambaye usingizi umemkimbia. Chumba chake cha mbele alikuwa amekigeuza duka. Upande mmoja yalining'inia mapazia yaliyokwisha, upande wa pili kulikuwa na mlango wa chumba cha ndani, umefungwa, na cherehani ilikuwa imesogezwa mpaka ikakaribia kuugusa. Miguu yake haikutulia kwenye pedali.

"Tunamtafuta Kitinda, mama," alisema Taratibu.

"Hata mimi natamani nimwone." Cherehani ikalia. "Nimempeleka shamba kwa mama yake mkubwa, akapumzike. Mji umemchosha yule mtoto, afande. Mji umemchosha na mimi umenichosha."

"Alipokuwa kwa Mlezi, ulijua?"

"Mzazi anajua nini siku hizi?"

Taratibu akanyamaza, kama desturi yake. Kwa watu wengine kimya hicho kingefanya kazi. Mama Mapazia aliinamisha kichwa, akakanyaga pedali kwa nguvu zaidi, cherehani ikajaza chumba kizima.

"Vitambaa vyako vinapigwa jua pale nje," alisema Inspekta baadaye. Kwenye baraza majora yalikuwa yamesimamishwa ukutani, mengine yameanza kupauka kwa upande ulioelekea barabarani. "Huogopi vitachuja?"

"Stoo imeingia panya."

"Panya wabaya sana," alikubali Taratibu. "Naomba namba ya huyo mama mkubwa."

Mama mkubwa alipokea simu upesi mno, utadhani alikuwa kaishika mkononi. Ndiyo, Kitinda yupo. Ndiyo, hajambo kabisa. Hapana, hawezi kuongea sasa hivi, anaoga. Taratibu akamshukuru, akamwambia atapiga tena, akatoka nje na Koplo wake.

Walisimama kivulini mwa ukuta. Koplo alikuwa tayari ameshika ufunguo wa gari.

"Afande, tukiondoka sasa hivi tunafika shamba kabla ya magharibi. Tunamchukua maelezo, tunarudi nayo."

"Ngoja aoge kwanza."

Akanunua maji kwa muuza duka wa jirani, akayanywa kidogo kidogo huku Koplo akihama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Kisha akapiga tena. Akasikiliza, akashukuru, akakata.

"Bado anaoga," alisema.

"Bado?" Koplo akacheka hata akaziba mdomo. "Basi sabuni imekwisha kijiji kizima!"

"Huko hayupo. Na mama mkubwa hajui kudanganya, maskini, amepewa sentensi moja tu akaikariri."

Taratibu alikuwa akitazama mapazia yaliyoning'inia karibu na dirisha la duka. Akapitisha mkono dirishani akalivuta moja, akaligeuza pindo. Lilikuwa limekunjwa mara mbili, na ndani ya mkunjo kulikuwa na utepe mzito mweusi ulioshonewa kulifanya pazia lianguke wima. Akamwonyesha Koplo bila kusema neno.

"Utepe huo!" Koplo aliinama. "Ndio ule ule wa sebuleni kwa Mlezi. Siku ile nilipekua kila pazia nikitafuta kete, nikadhani zimefichwa humo kwenye pindo. Yote yako hivi hivi." Akajinyoosha, uso umebadilika. "Afande, huyu mama ni mtu wake. Anamshonea, anamjua, na sasa anatuzungusha ili kesho kupambazuke mtu wake atoke. Nani ajuaye kama si yeye aliyekuwa akimwekea ule unga?"

"Inawezekana," alisema Taratibu.

"Inawezekana? Ni wazi kabisa! Tumchukue twende naye kituoni, huko ataimba."

"Tutamuuliza hapa hapa kwanza. Kituoni viti vyetu ni vibovu."

Wakarudi ndani. Mama Mapazia hakuinua kichwa, ila pedali ilipata kasi mara tu walipovuka kizingiti.

"Mapazia ya sebuleni kwa Mlezi uliyashona wewe, mama?"

Cherehani ikasita, ikaendelea. "Nashonea kila mtu. Mimi ni fundi."

"Alikulipa?"

"Ilikuwa shukrani," alijibu, na papo hapo ikaonekana kuwa neno limemponyoka. Akauma mdomo. Koplo akamtazama Inspekta kwa jicho la nilikwambia.

"Shukrani kwa lipi?"

Alikanyaga pedali kama anayekimbia, sindano ikapanda na kushuka, kitambaa kikapita chini yake na kuangukia upande wa pili. Taratibu aliinuka, akajikongoja hadi mezani kama mtu aliyekuja kusifia kazi. Akalishika lile pazia pale lilipotoka kwenye sindano, akaliinua kuelekea mwangani. Kulikuwa na mstari ulionyooka vizuri kabisa, wa vitundu. Vitundu vitupu, kimoja baada ya kingine, tangu mwanzo wa kitambaa hadi mwisho, na pembeni yake mstari mwingine wa vitundu, na mwingine tena. Alikuwa akilishona pazia hilo hilo tangu walipofika.

"Mama," alisema kwa upole, "cherehani yako haina uzi."

Miguu ikasimama. Chumba kikatulia kwa mara ya kwanza tangu wapige hodi, na katika utulivu ule, nyuma ya mlango uliofungwa, mtu alikohoa, akatapika kwenye ndoo, akalia kidogo kama mtoto mdogo.

Mama Mapazia aliruka kutoka kwenye kiti, akaupa mlango mgongo na kutandaza mikono. Hakuwa mtu wa kupigana, mtu yeyote angeona hilo, lakini pale mlangoni pasingepita mtu.

"Hamumchukui," alisema. "Nimemtoa barabarani kwa mikono yangu hii. Mkimtia mahabusu katika hali hii atanifia. Kama ni pingu, nifungeni mimi."

Koplo alikuwa ameshapeleka mkono kiunoni. Taratibu akatikisa kichwa, na mkono ukarudi.

"Hatujaja kumkamata," alisema. "Tangu lini yuko hivyo?"

"Tangu juzi."

"Maji yanakaa tumboni?"

"Ya sukari na chumvi. Kidogo. Mengine anayatoa."

"Koplo, nenda kliniki ile ya waathirika wa unga, umlete nesi na begi lake. Mwambie kuna mgonjwa wa unga ameachishwa ghafla, anatapika." Akamgeukia mama. "Wana dawa ya kuwashusha pole pole. Kumfungia ndani na ndoo si tiba, mama, ni bahati nasibu. Wengine wanaishiwa maji mwilini, wanakwenda."

Koplo hakutania safari hii. Alitoka mbio, na gari likasikika likiondoka kabla hata hajafunga mlango wake vizuri.

Taratibu akavua viatu. Akapiga hodi kwenye mlango ule wa ndani kama mgeni wa kawaida, akangoja. Sauti dhaifu ikasema, "Pita." Mama akasogea.

Kilikuwa chumba kidogo, stoo iliyohamishwa vitu vyote. Dirishani kulitundikwa blanketi. Kitinda alilala kwenye godoro, mwembamba, jasho limemlowesha, magoti kayakumbatia. Taratibu akaketi chini sakafuni, akaegemea ukuta, ili asimsimamie mgonjwa kichwani.

"Amekufungia?" aliuliza.

"Nilimwomba mimi anifungie," alisema Kitinda. "Nilijua nikisikia mlango uko wazi nitakwenda."

"Umefanya vizuri."

"Sijafanya vizuri bado. Niulize kesho kutwa."

Taratibu alitabasamu. Akamweleza mambo yalivyo, bila kuyapaka sukari: Mlezi yuko ndani mpaka kesho asubuhi, bila maelezo yake atatoka, na akitoka anaijua nyumba hii.

"Nitasema," alisema Kitinda. Mama yake akaguna kwa hofu, lakini binti aliendelea. Na kweli alisema. Alisema kete zilikuwa zinafichwa kwenye tangi la maji bovu juu ya paa, ndani ya chupa zilizozibwa kwa nta. Alisema nani aliwapeleka wasichana barabarani na gari gani liliwarudisha. Alisema Mlezi mwenyewe ndiye aliyegawa kete kila asubuhi, kwa mkono wake, akiwaita wanangu. Alisema yale aliyolazimishwa kufanya huko barabarani, akiwa amegeuzia uso ukutani, na mama yake akasikiliza mpaka mwisho bila kutoka. Mara mbili alikatiza akatapika, na mara mbili aliendelea pale pale alipoishia. Kalamu ya Taratibu haikukimbia, lakini haikuacha kitu.

"Sasa tuanze mwanzo," alisema. "Ulifikaje kwake?"

Kitinda akayavuta magoti kifuani.

"Nilijipeleka."

"Nani alikuonyesha?"

"Hakuna. Niliisikia tu ile nyumba."

"Siku ya kwanza, nani alikupokea mlangoni? Alisemaje?"

"Sikumbuki."

Taratibu akaweka kalamu juu ya goti. Msichana huyu alikuwa ametaja gari, akataja tangi, akataja yale ambayo watu wazima hawawezi kuyatamka, halafu amekwama mlangoni. Mtu anayemwogopa Mlezi angenyamaza kuhusu kete. Huyu alinyamaza kuhusu siku moja tu, ya kwanza, siku ambayo haikuwa na kete wala barabara.

"Nisikilize, Kitinda," alisema. "Wakili wake kesho atasimama na kusema hivi: hawa ni watoto walioharibika wenyewe, wakajipeleka wenyewe, na huyu bwana kwa huruma yake akawapa mahali pa kulala. Unga? Wamekuja nao. Barabarani? Walikuwa huko tangu zamani. Ukisema ulijipeleka, umemsaidia. Kesi yote iko pale mlangoni, namna alivyowapokea."

"Basi atoke," alisema Kitinda, na machozi yakamwanza. "Nimeshasema, nilijipeleka. Usiniulize tena."

Inspekta hakumuuliza tena. Aliinua macho akamtazama mama, aliyesimama kwenye fremu ya mlango na futi yake shingoni. Shukrani, alikuwa amesema. Koplo alidhani amepata mshirika wa Mlezi, na kwa muda pale barazani Taratibu naye alikuwa amedhani hivyo hivyo. Sasa alinyamaza kwa namna yake, na safari hii hapakuwa na cherehani ya kukanyaga.

"Ni mimi," alisema Mama Mapazia.

"Mama, acha!" Kitinda alijaribu kuinuka. "Mama, usiseme! Watakufunga!"

"Niache niseme, mwanangu. Wewe umenificha, na mimi nikadhani ni mimi ninayekuficha wewe." Akateleza chini taratibu, akaketi kizingitini. "Alikuja dukani kuagiza mapazia, afande. Shati jeupe, maneno matamu, kila baada ya neno moja anamtaja Mungu. Wakati ule mtoto huyu alikuwa ameshaniuzia pasi, ameniuzia mkasi, ameuza hadi sufuria. Maji yalikuwa yamenifika hapa. Akaniona nalia. Akasema, mama, mimi nalea vijana kama hao, nina nyumba, niletee. Ila usije kumwona, akikuona atataka kurudi na dawa itaharibika." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Nami sikwenda. Kila nikitaka kwenda najizuia, nasema, vumilia, usimharibie mwanao. Nikamshonea mapazia ya sebule nzima, bure, kwa shukrani. Nashona namwombea dua! Mpaka siku moja nilikwenda kununua vitambaa, nikamkuta mwanangu amesimama pembeni mwa barabara."

Taratibu hakumharakisha. Alijisikia vibaya, vibaya sana, na hakuona sababu ya kuficha uso wake.

"Naona aibu," alisema mama. "Naona aibu hata kumtazama. Nilisema, akizungumza na polisi itabidi aseme nani alimpeleka, na siku atakapolisema kwa kinywa chake ndiyo siku nitakayompoteza."

"Mimi nilijua hukujua," alisema Kitinda kutoka kwenye godoro. "Tangu siku ile ile nilijua. Yeye mwenyewe alikuwa anatuchekesha jioni, anasema, mama yake huyu ameniletea mtoto na mapazia juu."

Mama Mapazia akafunika uso wake.

Taratibu akasema, "Mimi nilikuwa namtafuta shahidi asiye sahihi. Binti yako ni mgonjwa, na wakili atamwita teja mbele ya kila mtu. Wewe hakuna atakayekuita hivyo. Wewe ulimpeleka kwa ahadi aliyokupa kwa kinywa chake. Hakuna mwingine anayeweza kusema alichosema Mlezi pale mlangoni."

"Nitafungwa?"

"Nikikuahidi kwamba hutaguswa nitakuwa nakuongopea. Nitaandika ulichoambiwa na ulichofanya. Hakimu atasikia vyote viwili."

"Usimsikilize, Mama," alisema Kitinda.

Mama Mapazia aliondoa mikono usoni. Akaitoa futi shingoni, akaikunja, akaiweka kando. Akapiga moyo konde.

"Andika, afande. Nilimpeleka asubuhi, kwa miguu. Nilimwogesha, nikamsuka, nikampigia pasi gauni lake zuri kwa pasi ya kuazima. Nilisema wakimwona nadhifu watajua ni mtoto mwenye mama, watamtunza. Gauni la kijani. Tulipofika getini yule bwana akatoka mwenyewe, akamshika mkono..."

"La bluu," ilisema sauti ya godoroni.

Wote wawili wakamgeukia. Kitinda alikuwa ameegemea kiwiko, anatetemeka mabega, amekazana kukaa.

"Lilikuwa la bluu, Mama, lenye vifungo mbele. Ukikosea rangi, wakili wake atakusumbua. Na hakunishika mkono, alinishika bega, akasema, sasa huyu ni wangu."

"La bluu," alisema mama yake, akilia. "Ni kweli. Andika la bluu, afande."

Taratibu akafuta kijani, akaandika bluu. Nje gari la Koplo lilikuwa linasimama, na sauti ya nesi ikisikika inauliza ni mlango upi.